Janti ya Msiba

Kutu haina adabu. Ilikuwa imeila suporti ya resori kwenye pikapu ya Straton mpaka nikaivunja kwa vidole, kama mkate wa juzi. Bila kipande hicho resori, zile springi za nyuma, hazishikwi na shasi, na bila resori humpeleki mama mjamzito hospitali ya Masisi kwa barabara yetu hii ya Nyabiondo. Na Céline, mke wa Straton, alikuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto hageuki.

"Kaka Valens, fanya mbio," Straton aliniambia. "Bibi yangu anachoka."

Chuma kizito sikuwa nacho karakanani kwangu. Kilikuwepo kimoja tu kijijini: janti ya lori, rimu ya gurudumu, inayoning'inia nje ya kanisa. Kwa sala tuna ngoma. Janti hugongwa kwa msiba peke yake, mara tatu kwa mwanamume, mara mbili kwa mwanamke, na vijana hushika majembe bila kuuliza. Mimi sikuwahi kuogopa chuma. Nilikata kipande ukingoni, nikakikunja, nikakichomelea, nikakaza boliti. Kazi safi, na sioni haya kujisifu.

Tulipoanza kupanda kilima, kile kipande kikaanza kulia. Ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo. Kila shimo, mara mbili. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage walisimama wakainamisha vichwa. Céline, aliyelala nyuma juu ya godoro, alinishika mkono.

"Kaka Valens, nani amekufa?"

"Ni boliti tu, dada."

Niliogopa, na hofu hunitia hasira. Nilimkaripia Straton aongeze mwendo.

Céline alifika mzima. Walimwingiza chumba cha upasuaji, dada yake tuliyekuja naye akabaki mlangoni, sisi tukarudi mbio kuchukua vitenge na sufuria. Njia nzima ya kurudi chuma hakikulia hata mara moja.

Nyuma ya kanisa tulikuta kaburi limechimbwa. Katekista Evode alikuwa ameegemea jembe.

"Tulisikia mara mbili kule kilimani," alisema. "Tukachimba. Ni nani?"

"Hakuna muntu amekufa!" nilimfokea. "Ni gari njo ilikuwa inalia!"

Evode aliitazama janti iliyokatwa, kisha akanitazama mimi. "Basi fukia weye mwenyewe. Weye njo uliikata."

Nilifukia. Niliurudisha udongo wote uliotoka, nikakwangua hata ule ulionasa kwenye majani, na shimo bado likabaki na nafasi ya mtu mmoja. Evode alijaribu kuomba, maneno yakamkatikia. Straton alisimama ukingoni.

Simu yake ikalia. Alilitazama jina, ni shemeji yake kule hospitalini. Hakuipokea. Alininyooshea mimi.

"Itika weye," akasema.