Usiku wa Kutoa Mbegu

Tangu kesi ya Ochola Saa Sita ianze, sebule ya Phelesia ilikuwa imegeuka mahakama. Viti ni vile vile alivyochonga mumewe Cephas, televisheni ni ile ile yenye kitambaa cha kufuma juu yake, lakini ikifika saa tatu asubuhi, siku ya kesi, hapakuwa na mtu wa kuchambua maharagwe wala wa kufagia ua. Watu wazima wanne walikaa wakahukumu, na usidhani walikuwa wakitania.

Ochola alikuwa mpiga gitaa aliyejaza kumbi kutoka Kisumu hadi Mombasa. Boma lake lilikuwa Migori, na ndani yake wake wawili: Rispa wa nyumba kubwa, na Mong'ina, mcheza shoo aliyeolewa baadaye. Asubuhi moja ya Machi alikutwa amelala kifudifudi katikati ya nyumba hizo mbili, kichwa kimepasuliwa kwa mchi. Mchi ulikuwa wa Rispa. Rispa akapandishwa kizimbani, na nchi nzima ikawa na la kusema.

Sasa, lililoifanya kesi hiyo iwasumbue watu wa Rangwe, alikoishi Phelesia, kuliko watu wa Nairobi ni usiku wenyewe. Ochola alikufa usiku wa kutoa mbegu. Kwa Wajaluo, usiku huo mwenye boma hulala kwa mikayi, yaani mke wa kwanza, na asubuhi mikayi ndiye hutangulia shambani. Akishapanda yeye, ndipo wake wengine wapande. Ukivuruga utaratibu huo unaita chira, mkosi wa kuwakondesha watoto na kumaliza ng'ombe. Wakili wa Rispa aliisimamisha kesi nzima juu ya jambo hilo moja. Upande wa mashtaka ulidai Ochola alitoroka usiku wa manane akaenda kwa Mong'ina, na Rispa akamvizia akirudi. Wakili akajibu kwamba hilo haliwezekani, marehemu alilala kwa mkewe mkubwa, alitoka alfajiri kujisaidia, na aliyemuua ni mtu wa nje ambaye polisi hawakujisumbua kumtafuta.

"Huyo wakili amesoma," Phelesia alikuwa akisema kila siku, mkono kiunoni. "Hakuna mwanamume anayetoka kwa mikayi usiku huo. Hata awe mlevi. Hata awe mwendawazimu."

Aliyasema hayo huku akimtazama Beverly, mke mwenzake.

Tuseme ukweli, maana kuna watu hupenda kuyafunika mambo haya kwa maneno ya kanisani: Phelesia alikuwa na wivu, na haukuwa wivu wa kupita. Ulikuwa umekaa naye miaka minne, tangu Cephas alipoenda kuezeka paa la shule huko Kegonga akarudi na binti wa Kikuria mwenye kiuno na kicheko. Phelesia aliuchukia ule uzi wa bluu ambao Beverly alishonea mapazia yake, na jinsi Cephas alivyoita "Beva" akiwa bado getini. Kwake Phelesia mume alikuja kula, kutazama televisheni na kulalamika mgongo. Kulala akalale kwingine. Mwaka una usiku mia tatu na ngapi, na wote ulikuwa wa Beverly isipokuwa mmoja. Huo mmoja Phelesia aliulinda. Alikuwa akiufulia shuka wiki nzima kabla haujafika.

Na ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Beverly mila hiyo, mwaka ule wa kwanza, akimwambia kwa Kiswahili taratibu ili asije akasema hakuelewa. "Hapa kwetu wewe hugusi udongo kabla yangu. Ukigusa, ni watoto wako watakaokufa." Beverly akaitikia, "Sawa, mama," macho chini, na Phelesia alifurahi siku mbili nzima.

Siku ya viatu ilikuwa Jumanne. Bitutu, jirani, mwalimu mstaafu kutoka Kisii ambaye tayari walikuwa wamempa cheo cha ujaji, alikuwa kwenye kiti cha katikati na chai yake ya rangi. Kwenye televisheni wakili alikuwa ameinua jozi ya gambuti, viatu vya mpira, ndani ya mfuko wa plastiki, kielelezo namba tisa. Gambuti hizo zilikutwa mlangoni kwa Rispa, zimepangwa vizuri. Maiti ilikuwa pekupeku.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "mtu anayekwenda kwa mke mwingine, usiku, Machi, nyasi zimelowa, hawezi kwenda bila viatu. Huyu alitoka hatua mbili tu."

"Umeona?" Phelesia akapiga paja. "Kesi imekwisha. Wamwachilie mama wa watu aende nyumbani."

"Ngoja," Bitutu akasema. "Mtu wa hatua mbili mbona maiti yake iko hatua ishirini? Hiyo ni hesabu ndogo, Phelesia."

"Alisikia mbwa. Si mtu hufuata mbwa?"

"Pekupeku?"

Hapo ndipo Beverly, ambaye alikuwa akimenya viazi sakafuni, akasema bila kuinua kichwa, "Lakini si ndiyo maana hakuvaa. Akitoka nyumba kubwa usiku huo, viatu anaviacha mlangoni, ndio mwenye nyumba akiamka avione pale. Hata kwa kokoto hapiti, kokoto inalia. Anazungukia kwa nyasi, nyuma ya choo. Akirudi anajipangusa tu."

Kisu kikaendelea kumenya viazi mara mbili, mara tatu, kisha kikasimama.

Televisheni iliendelea kusema. Bitutu aliangalia chai yake. Cephas, ambaye muda wote alikuwa akitoa maoni yake juu ya kila kitu, hata juu ya tai ya wakili, sasa alikuwa ameinama anakuna kifundo cha mguu kisichomuwasha. Kwenye boma la Ochola hapakuwa na kokoto, na picha za boma hilo zilikuwa zimeonyeshwa kila siku kwa mwezi mzima. Kokoto iko hapa. Choo chenye nyasi nyuma yake kiko hapa.

"Umejuaje?" Phelesia akauliza.

"Nafikiria tu, mama."

Phelesia aliinuka akaenda jikoni akakaa juu ya gunia la mkaa, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekumbuka kabla ya akili. Mwaka jana, alfajiri ya kupanda, aliamka akakuta miguu ya Cephas ni baridi kama ya samaki, imelowa, na mbegu za nyasi zimenata kisiginoni. "Nilitoka kumfunga ndama," Cephas alisema. Naye Phelesia, mjinga wa watu, akaibana miguu hiyo katikati ya miguu yake mwenyewe, akaipasha joto mpaka mwenye miguu akaanza kukoroma. Alikuwa ameona raha kufanya hivyo. Jikoni hapo, akilikumbuka hilo, alitaka kujichuna ngozi ya miguu.

Mvua ikaja Alhamisi. Cephas akaoga mapema, akavaa shati safi, akaja kwa Phelesia jioni na ule uso wa mtu anayetekeleza wajibu. Akakuta mlango umefungwa kwa komeo.

"Mama Atieno, fungua. Leo ndiyo leo."

"Sitoi mbegu mwaka huu."

"Unasema nini?"

"Umenisikia. Kalale."

Ijumaa majirani walipanda. Jumamosi walipanda. Kote kuteremka mpaka barabara ya Asumbi ungeona migongo imeinama, na katikati yao boma la Cephas limekaa na udongo wake mweusi umelimwa, hauna mtu. Shamba la Beverly lililimwa kwa trekta, mbegu zake ziko kwenye debe, na hakuthubutu kutia hata moja. Alikuja mpaka mlangoni akasimama na mtoto mgongoni. "Mama, mvua itatupita." Phelesia alimtazama dirishani akaendelea kusuka ukili. Ee, alijisikia vizuri. Usiseme hukuwahi kujisikia vizuri hivyo.

Jumapili baada ya ibada Cephas akamleta Bitutu aje aseme naye. Na Phelesia alikuwa amejiandaa.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Kwenye televisheni huwa mnajua kupima ushahidi. Mupime na huu. Cephas akae hapo. Beverly akae hapo. Mwalimu uulize. Cephas akikiri mbele yenu kwamba mwaka jana usiku wa mbegu alitoka kwangu, akaomba msamaha, nitapanda kesho. Nataka tu hilo. Usiku mmoja alionikosea, aukiri."

Televisheni ikazimwa. Bila sauti yake sebule ilionekana ndogo. Bitutu akavua miwani, akaivaa tena. Ile kazi ya ujaji sasa haikuwa na ladha.

"Cephas," akasema, "mwaka jana usiku huo ulilala wapi?"

"Hapa."

"Usiku wote?"

"Mwalimu, nitatoka niende wapi? Mimi mila naijua. Mimi nataka chira katika boma langu?" Akacheka kidogo. "Hayo ya viatu ni mambo ya televisheni. Beverly mwenyewe atakwambia alikuwa anaropoka tu. Mimi usiku huo kwake sijawahi kukanyaga."

Kama angenyamaza kwenye "hapa," labda mambo yangekuwa mengine. Lakini lile "sijawahi kukanyaga" lilimfikia Beverly mahali. Phelesia aliliona likimfikia, maana alipajua mahali hapo, hata yeye anapo. Mwanamke anaweza kufichwa, anaweza kuitwa mke mdogo mpaka azeeke, lakini usimwambie mbele ya watu kwamba hukumtaka.

"Beverly," Bitutu akauliza, kwa upole sana, "alikuja?"

"Alikuja."

Cephas akafungua mdomo. Phelesia akainua mkono kumnyamazisha. Kifuani mwake kulikuwa na maumivu na ushindi vimechanganyika, hakujua kipi ni kipi. Alikuwa ameshinda. Alipaswa kuishia hapo.

"Mwaka jana," akasema, kama mtu anayeandika hukumu.

Beverly akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuangusha macho. "Miaka yote, mama. Hata ule wa kwanza."

Phelesia alikuwa akiipitia miaka hiyo mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza mahindi yalijaa mpaka wakaazima ghala. Wa pili Atieno alipasi mtihani. Wa tatu ng'ombe alizaa mapacha. Mwaka jana je? Mwaka jana hakuna mtoto aliyekohoa. Mara nne alikuwa amelala na nusu ya usiku, asubuhi nne alitangulia shambani kifua mbele huku boma zima likimngoja, na chira haikuja hata kuchungulia. Mahindi yaliota tu. Kumbe usiku wake ule mmoja haukuwa umeshikilia kitu chochote.

Aliinuka akachukua jembe nyuma ya mlango na kibuyu cha mbegu.

"Mama Atieno," Cephas akasema, ameshtuka kweli sasa, "huwezi. Hatujalala. Hata usiku wenyewe haujafika."

"Miaka minne mahindi yanaota, Cephas. Nenda ukaulize yanaotaje."

Akatoka mchana kweupe, nguo ya kanisani bado mwilini. Akachimba shimo la kwanza, akatia mbegu mbili, akafukia kwa kisigino. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Alipoinua kichwa alimwona Beverly amesimama kwenye mpaka wa mashamba, debe mkononi, mtoto mgongoni, vidole vya miguu vimekomea pale pale nyasi zinapoishia. Hakukanyaga udongo. Alikuwa akingoja aambiwe.

Huyu msichana alipokea mume mara nne katika usiku uliokatazwa, na bado aliamini kwamba akipanda kabla ya ruhusa watoto wake watakufa. Aliamini kwa sababu Phelesia ndiye aliyemwambia.

Mila yenyewe inataka shimo moja tu. Ukishafukia shimo la kwanza unamwambia mwenzako, panda. Phelesia alijua hivyo. Alimtazama Beverly mpaka matone ya kwanza yakaanza kuanguka, kisha akainama akachimba shimo la pili, na la tatu, polepole, akaenda na mstari wake mpaka mwisho wa shamba, akageuka, akaanza mwingine.