Natto ya Kudo-san

Ndoto ya usiku wa jana ilianzia jikoni kwangu, mchana kweupe, na wa kwanza kusema alikuwa natto.

Nijieleze kidogo. Naitwa Yaredi, mtu wa Mvumi, Dodoma. Huu ni mwaka wa pili naishi mji mdogo wa kaskazini mwa Japani, natengeneza mashine za kuvuna mpunga. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama mjane anayeitwa Kudo. Huku heshima hubandikwa mwisho wa jina, kwa hiyo namwita Kudo-san. Kila Alhamisi jioni hugonga mlango wangu na kunipa kibakuli cha natto aliyoitengeneza mwenyewe. Natto ni soya iliyochachushwa mpaka ikatoa utelezi. Ukiinua punje moja, nyuzi zinafuata. Harufu yake ni ya soksi zilizosahaulika ndani ya buti. Mimi huipokea kwa mikono miwili, nainama, nasema, "Asante, ile ya juzi ilikuwa tamu sana." Kisha nafunga mlango na kuitupa.

Alhamisi hii Kudo-san hakuja. Nililala nikiliwaza hilo.

Basi, ndotoni natto ilikuwa ndani ya mfuko wa taka. Ikaniita.

"Yaredi, umeniweka na chupa za plastiki."

"Samahani," nikasema. Huku kila taka ina mfuko wake na siku yake, na ukikosea watu wanajua.

"Mimi ni taka ya kuchomwa. Halafu hizi chupa hazinisemeshi."

Nikaitoa, nikairudisha kwenye kibakuli chake. Ikanishukuru.

Kengele inalia. Nafungua mlango, namkuta kunguru anayenifika kifuani, amevaa glavu nyeupe. Anavua kofia.

"Ukaguzi wa taka," anasema. "Kuna mfuko wako umekataliwa."

Ananikabidhi mfuko mwepesi unaoonyesha ndani. Mna "tamu sana" zangu zote, zimelaliana kama dagaa wakavu.

"Hizi ulizitupa kwa jirani bila kuzitenganisha. Ni za kuchomwa?"

"Sidhani."

"Zinaweza kutumika tena?"

"Nimezitumia tena kila Alhamisi."

Kunguru anaandika. Ana mwandiko mzuri. "Basi zirudishwe kwa mwenyewe, mkononi, leo hii," anasema. "La sivyo mlango wake hautafunguka tena ukigonga wewe." Anavaa kofia, ananiaga vizuri, anashuka kwa ngazi.

Nabeba mfuko mkono mmoja, kibakuli mkono wa pili, natoka koridoni. Nagonga mlango wa Kudo-san kwa kiwiko. Unafunguka, nami naingia uani kwa mama yangu, Mvumi.

Navua viatu, kwa mazoea.

Mama yuko mekoni anasonga ugali wa uwele. Pembeni kuna chungu cha mlenda. Kwenye kigoda chetu amekaa Kudo-san, na aproni yake ya bluu, magoti pamoja.

"Mbukwenyi," ananisalimu. Kigogo chake kimenyooka kuliko changu.

"Umechelewa," Mama ananiambia. "Dada yangu ameshaanza."

Ni kweli ameanza. Ameinua mlenda, na uzi wake umetoka chunguni mpaka kidevuni. Uso wake ni ule ninaoufanya mimi nikishafunga mlango. Anafumba macho. Anameza.

"Tamu sana," anasema.

"Anadanganya," natto inaninong'oneza.

"Nimesikia," anasema Mama, bila kuacha mwiko. "Anadanganya, lakini amekaa na sisi. Wewe ulimdanganya mtu mzima mlangoni, hata maji hukumpa."

Wakati huo mlenda umeinuka kidogo chunguni, unachungulia kibakuli changu.

"Huyu si wa kwetu?" unauliza.

"Shikamoo, shangazi," natto inasema.

"Marahaba. Huko hamjambo?"

"Hatujambo. Kuna theluji tu."

"Poleni."

Nafungua mfuko, nauweka mbele ya Kudo-san.

"Hizi ni zako," nasema. "Haikuwa tamu. Sijui hata ladha yake. Nilikuwa naitupa."

"Najua," anasema. "Ukuta ule ni mwembamba. Kila nikirudi ndani nilikuwa nasikia mfuniko wa pipa."

"Sasa kwa nini uliendelea kuleta?"

Kudo-san anajifuta kidevu kwa ncha ya aproni.

"Kwa sababu ulikuwa unafungua mlango," anasema. "Tangu mzee wangu afariki, sina kwingine pa kugonga. Lakini wiki hii niliona nisikusumbue."

Nakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mama ananisogezea ugali. Namega, nachovya kwenye natto, nakula. Harufu haijabadilika hata kidogo. Naendelea kula mpaka kibakuli kinaisha, na Kudo-san anautazama mkono wangu ukienda na kurudi. Naye anataka kujaribu. Anaingiza vidole vitatu katikati ya ugali, ndani kabisa ambako bado unachoma, anavichomoa na kuguna.

Mama anaushika ule mkono, anaupuliza.

"Pole, dada yangu. Hukatwa pembeni, ulikopoa."

Hapo nikaamka. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, theluji imejaa dirishani. Sikunawa hata uso. Nilivaa koti, nikaenda kugonga mlango wa Kudo-san.

Haukufunguka. Nikagonga tena. Nilisimama pale mpaka miguu ikaanza kufa ganzi, ndipo nikasikia komeo.

"Kudo-san," nikasema kwa Kijapani changu kibovu, "natto sikuwa nakula. Nilikuwa natupa. Nisamehe. Njoo kwangu, ukae, unywe chai."

Akaingiza miguu kwenye kandambili, akanifuata.

Nina kiti kimoja tu. Alikikalia, mimi nikakaa sakafuni. Nilipomkabidhi kikombe akakipokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo si kawaida yake. Nikauangalia wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vyekundu nchani, kimoja kimetoa lengelenge.

"Umeungua na nini?"

Kudo-san aliviinua vidole karibu na macho, akavigeuza huku na huku kama vya mtu mwingine.

"Nimeamka viko hivi," akasema. "Na jana sikuwasha jiko."