Walivyogawana Nikiwa Jikoni

Fundi alinikuta natandika kitanda. Akavuta futi yake ukutani bila hata salamu ya maana, kisha akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba anataka dirisha kubwa au la kawaida?"

"Mwenye nyumba gani?"

Kumbe ni Mkubwa, mwanangu wa kwanza! Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, wanangu watatu wameshakaa sebuleni na kugawana. Mkubwa nyumba, binti yangu friji na makochi, kitinda mimba gari bovu la baba yake. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia, na hakuna hata mmoja aliyechungulia kuniita. Nilichemka mpaka masikio yakawaka moto, ila nikafunga mdomo nione wataishia wapi.

Waliishia ofisi ya ardhi. Huko Mkubwa akaambiwa hati ya nyumba haibadilishwi jina kwa maneno ya sebuleni; alete barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Basi akaja kwangu, mtulivu kama maji ya mtungi. "Mama, twende ukaniunge mkono tu. Ni mambo ya kupigiwa mhuri."

Mahakamani, hakimu, mama mmoja mwenye miwani puani, akasoma muhtasari wa kikao chao, akafika palipoandikwa friji, akainua macho. "Iko wapi sasa?"

"Kwangu," binti yangu akajibu. "Tuligawana."

"Irudi. Hakuna mwenye ruhusa ya kugawa mali ya marehemu mpaka mahakama iteue msimamizi. Na msimamizi si mrithi mkuu, msijidanganye. Anakusanya mali, analipa madeni, anampa kila anayestahili haki yake, halafu anarudi hapa kutueleza alichofanya." Akanigeukia. "Na wewe mama, umepata nini?"

"Vyombo vya kuosha, mheshimiwa."

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Akaniuliza kama namkubali Mkubwa awe msimamizi. Mkubwa akanikazia macho. Jamani, yule nimemzaa mwenyewe.

"Simkubali," nikasema. "Naomba niwe mimi."

Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usingizi ukanipaa. Mkubwa akipinga tutavutana miaka, nami sina pengine pa kulaza ubavu. Siku ya kusikilizwa, hakimu akauliza nani anapinga. Mkubwa akasimama, akatazama viatu vyake, akakaa. Nikateuliwa.

Friji ikarudi na harufu ya samaki wa watu. Gari tulilisukuma mpaka uani huku kitinda mimba akinung'unika njia nzima. Mkubwa alikuja wa mwisho, na masanduku yake. Alikuwa ameshamuaga aliyempangisha, na chumba kimeshapata mtu mwingine. Akaweka ufunguo wa nyumba yetu mezani.

"Haya, mama, mahakama imekupa nyumba. Mimi niende wapi?"

"Haijanipa. Imenituma nigawe, na fungu lako utalipata mbele ya hakimu, hata senti haitapotea. Chumba chako cha zamani kipo, ingia. Ila chumbani kwangu, kuanzia leo, wewe na mafundi wako mtabisha hodi."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kubeba sanduku, nikaona analia. Nami nikalia, lakini neno langu sikulirudisha.