Mkunjo wa Kola

Dobi alilinyoosha kwa pasi shati la kazi la mumewe, akalitundika. Pasi haijapoa, kola ilikuwa imekwisha kujikunja tena, kushoto, kuelekea ndani. Shati la jirani likajikunja vivyo hivyo, kisha suruali, kisha mashuka ya wateja. Alichemsha, akaloweka kwenye dawa ya madoa. Shati moja alilichoma moto kabisa, na majivu yake yakalala kwa mkunjo uleule. Akayafagia, akaendelea na kazi.

Mumewe, ambaye kiwandani walimwita Kinu kwa kuwa ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga, alikuwa kitandani akiutafuta mkono wake wa kulia. Siku hizo alimwita mkewe shangazi.

"Si kidudu," daktari alikuwa amemweleza Dobi. "Ni protini ya ubongo iliyojikunja vibaya. Ikigusana na iliyo nzima, nayo inajikunja. Haina uhai, ndiyo maana moto hauiui."

"Kama mashati yake."

"Eeh, kama mashati," alisema daktari, akalisogeza koti lake mbali kidogo. "Dawa hakuna, dada. Pole."

Kiwanda kilitengeneza chakula cha ng'ombe kwa kusaga ng'ombe. Ng'ombe walioanza kuyumba, wafanyakazi waliwaita wacheza dansi, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Bwana mifugo alikuwa na siku yake ya ukaguzi. Wacheza dansi walisagwa siku moja kabla. Wafanyakazi waligawiwa vichwa vyao, zawadi ya mwisho wa mwaka. Dobi mwenyewe aliupika ule ubongo, akampakulia mumewe wote kwa kuwa alijua anaupenda. Hilo lilimkaa kooni kama mfupa, na kila alipolimeza lilirudi likiwa hasira.

Akalibeba lile shati la kazi hadi kwa meneja wa kiwanda, akalitandaza mezani. Tai ya meneja ikajikunja, mapazia yakafuata.

"Shemeji," alisema meneja, ambaye siku zote alimwita Kinu ndugu yangu, "sisi tunapika kwa moto mkali. Hakuna kinachopona mle."

"Hiki kimepona. Kiko kwangu, kinamla mume wangu. Zimeni mashine!"

"Nakuelewa. Lakini ng'ombe wa watu watakula nini?"

"Majani! Ng'ombe anakula majani, wewe! Nani asiyejua?"

Meneja alimwagiza karani amletee tai nyingine.

Uani mashine zilinguruma kama kawaida. Wapakiaji walikuwa wakijaza lori. Gunia la kwanza lilijikunja pembe ya kushoto, la pili likaiga, mpaka mzigo mzima ukawa hivyo. Dobi aliwapigia kelele wayashushe magunia, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyembishia. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa maji ya kunywa, kisha wakaendelea kupakia, kwa sababu magunia yaliyojikunja yalipangika vizuri zaidi, na lori sasa lilibeba mengi kuliko zamani.