Bei ya Tupa Sita

"Sita! Baba Amira, kwa pesa hiyo ungeleta tupa sita, na za mchele zingebaki!"

"Sita za nini? Zile za sokoni ni chuma cha makopo. Niliyonunua Jumatatu, Jumatano haina meno. Mi sinoi na kijiko, mama."

"Kwa hiyo mtoto atakula meno ya tupa?"

Kudra alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mwiko mkononi, na mumewe Chabani alikuwa hajainua hata kichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewanolea mtaa mzima wa Buyenzi: visu vya wachinjaji, mikasi ya mafundi cherehani, majembe ya wanawake wanaolima bondeni. Hakuna aliyewahi kumrudishia chombo na malalamiko. Tupa mpya, iliyotoka Uswidi na kununuliwa kwa Jaffar muuza vyuma, ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa safi kama mtoto aliyezaliwa jana.

"Rahisi ghali," alisema Chabani. "Hii itanizika."

"Itakuzika na njaa."

Spéciose, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alicheka pale alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama Amira, muache. Wanaume wengine wanaleta mke wa pili. Wako ameleta chuma."

"Mke wa pili angalau angeosha vyombo!"

Hata Chabani alitabasamu. Spéciose alikuwa ametoka alfajiri na kikapu chake huko Buterere, mtaa wa kabila lililokuwa linasakwa mjini, akawaacha watoto watatu na mama yake mzee, na alipofika mjini akakuta ni siku ya ville morte: vijana wenye mawe na maguruneti wamezifunga barabara, na atakayeonekana njiani shauri yake. Ndiyo sababu alikuwa hapo bandani na kikapu kimejaa, akisubiri njia ifunguke. Amira mwenyewe alikuwa kwa shangazi yake tangu jana.

Geti la bati likapigwa teke.

Kudra hakuuliza ni nani. Alimsukuma Spéciose nyuma ya pazia la jiko, akageuka, na watu watano walikuwa wamekwisha kuingia. Wawili walibeba magunia. Wa mbele alikuwa Adrien, mchuna ngozi wa machinjioni, ambaye kila wiki alileta visu vyake kwa Chabani na kupewa chai. Leo hakuomba chai.

"Muzee Chabani. Salamu."

Magunia yalimwagwa. Mapanga yalianguka kwa kishindo, mengine yana kutu, mengine yamekaukiwa na kitu cheusi kwenye makali.

"Arobaini na mbili," Adrien alisema. "Tunayataka yote kabla ya alasiri."

"Arobaini na mbili kwa mikono hii miwili? Apana, haiwezekani, mwanangu."

Mmoja wao, mfupi mwenye kofia ya sufu, alimpiga ubapa wa panga mdomoni. Chabani akaanguka juu ya jiliwa lake, lile bano la chuma la kushikia kazi, na jino likadondoka juu ya meza. Kudra aliruka na mwiko wake. Alipata teke la tumbo lililomkalisha chini, na kwa muda hakuweza kuvuta pumzi.

Chabani akafunga panga la kwanza kwenye jiliwa, damu ikimchuruzika kidevuni, akachukua tupa ya zamani. Ilikwaruza, ikateleza. Akasugua tena. Ilikuwa kama kusugua kioo.

"Unanichezea," Adrien alisema kwa upole. Macho yake yakatua kwenye kitambaa. "Na hii?"

Adrien aliifunua mwenyewe, akapitisha kucha juu ya meno yake, akapiga mluzi. Alimkabidhi Chabani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa heshima.

Kudra alitazama kutoka chini. Tupa ile haikukwaruza, iliuma. Kila msukumo mmoja, ukungu wa chuma ulimwagika mezani kama unga. Ukisoma sura ya Yasini, usingefika katikati kabla panga halijawa tayari. Na Chabani, mdomo umevimba, alilitoa, akaliinua kwenye mwanga, akakunja uso, akalirudisha na kunoa upande wa pili. Hakuna aliyemwomba upande wa pili. Mikono yake tu haikujua kazi nyingine. Kudra aliiona ikifanya vizuri, na akaichukia.

Adrien alinyoa nywele za mkono wake kwa lile panga. Hakuridhika. Nje, baiskeli ilikuwa inapita, imeelemewa na mikungu ya ndizi, na nyuma yake mtu anasukuma. Alikuwa Népomuscène, ambaye mtaa mzima ulimfahamu kwa kupunguza bei kabla hujaomba.

"We, simama! Unatoka wapi?"

"Gasenyi, wakubwa. Napeleka ndizi tu."

Angesema mahali pengine popote; Gasenyi, kama Buterere, ilikuwa ya wale waliosakwa. Adrien alitoka getini, hatua nne, na akapiga mara moja. Panga lilipita shingoni kama linakata mgomba. Népomuscène hakupiga kelele. Baiskeli ndiyo iliyopiga kelele ilipoanguka juu yake. Miguu yake ilitikisa vumbi kidogo, ikaacha.

"Voilà!" Adrien alisema, akirudi hadi getini na kufuta panga kwa jani la mgomba. "Muzee ni fundi kweli. Kule Buterere hatutachoka leo. Mutu mmoja, pigo moja."

Wenzake wakacheka. Wakaanza kugombania ndizi na baiskeli pale barabarani, na Adrien akaenda kuwaamua.

Banda likabaki na watu wake.

Pazia la jiko lilisogea. Spéciose alisimama pale, mkono shingoni. Chini ya mkono ule yalikuwepo makovu matatu. Desemba iliyopita alikatwa mara tatu na kuachwa mtaroni, na daktari aliyemshona alimwambia bila kuficha: aliyekukata alikuwa na panga butu, ndiyo maana unanisikia.

"Watoto wangu," alisema.

"Nitanoa vibaya," Chabani alinong'ona. "Nitayapa makali ya uongo."

"Yule anachuna ngozi kila siku," Kudra alisema. "Atapitisha kidole, ataona, atakuua, halafu atanoa mwenyewe. Hata tukikimbia nayo wote watatu, watatukamata na kuichukua, na mikono yake inajua."

"Sasa?"

"Sasa ivunje."

Chabani aliikumbatia kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa amkate mtoto kidole. "Kudra. Wataniua."

"Watakupiga. Hawatakuua: bila tupa hii hata yeye hawezi kunoa, na mnoaji mwingine leo watampata wapi? Utanoa na hizi za sokoni. Mpaka giza liingie hutafika mapanga kumi, na hayo kumi hayatakata hata mchicha." Alijiinua kwa kushika meza, tumbo lilimuuma kama la uzazi. "Kutoka hapa mpaka Buterere ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu anayekwepa barabara. Awatoe watoto, agonge kila mlango, waingie mashambani mwa mpunga. Mpe hayo masaa, Baba Amira."

Nje, mtu alicheka na ganda la ndizi likarushwa juu ya ukuta.

Chabani alitazama tupa, kisha shingo ya Spéciose. Akailaza mwenyewe, ncha moja juu ya fuawe, kile chuma cha kugongea, na nyingine juu ya kipande cha reli, katikati hewa tupu, akazishika ncha zote mbili.

"Chuma kizuri hakipindi," alisema. "Piga mara moja tu. Usiogope vidole vyangu."

Kudra aliokota nyundo ya kilo mbili. Kwa kichwa alimwonyesha Spéciose bati lililolegea nyuma ya banda, upande wa bonde la mto Ntahangwa.

"Nikipiga, we sukuma. Watasikia nyundo tu. Usipite daraja, pita majini. Usigeuke."

"Mama Amira…"

"Nenda!"

Akapiga. Tupa ilikatika kwa mlio mkali kama kioo, vipande vikaruka, kimoja kikamchana Chabani kiganja, na nyuma bati lililia mara moja na kunyamaza. Spéciose hakuwepo.

Barabarani Adrien aliuliza, "Nini hiyo?"

Kudra aliweka nyundo chini, akachukua tupa ya sokoni isiyo na meno, akamtia mumewe mkononi.

"Noa," alisema.