Dizaina Mwenye Leseni ya Trela

Jerotich alisoma tangazo mara tatu, akacheka, kisha akataka kulia. Lodge moja pale Salgaa ilitafuta dizaina wa kuchora mabango na menyu. Awe chini ya miaka ishirini na tano, awe na uzoefu wa miaka kumi na tano, leseni ya trela, na ajue kuchoma mbuzi. Jamani! Huyo alianza kazi akiwa chekechea?

Lakini hayo yalikuwa maombi yake ya arobaini na moja, na mama yake alikuwa ameshasema: ukikosa hii, jembe liko nyuma ya mlango. Viazi vya Molo vilikuwa vinamngoja, naye hakuvitaka hata kidogo.

Basi siku ya intavyuu hakwenda peke yake. Kwao jambo zito haliendewi na mtu mmoja. Ukoo hujipanga kama unaoenda kuposa. Nyuma yake aliingia Mjomba Kiprugut, dereva wa trela. Mama yake, bingwa wa nyama choma. Na Gogo, nyanya yake, aliyepamba vibuyu kwa shanga miaka hamsini. Wakaketi kwa mstari, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, katikati.

"Niliita mtu mmoja," akasema Kosgei, mwenye lodge, macho yamemtoka.

"Mtu mmoja wa hivyo hajazaliwa," Gogo akajibu. "Huyo ni sisi."

Kosgei akamtuma mama jikoni ajaribiwe. Mbavu zilipofika mezani, aliramba vidole vyote kumi.

"Mathe, anza leo. Mzee, trela iko nje. Wewe msichana, tutakupigia simu."

Jerotich akainuka aende zake. Maneno hayo alishaambiwa mara arobaini, na simu haikuwahi kulia.

Mama akavua aproni. "Hatukuja kuuzwa rejareja. Ni wote ama hakuna." Akabeba sinia lake la mbavu, akaondoka nalo. Kosgei akalitazama likienda, likienda, mpaka likafika mlangoni.

"Jumatatu saa mbili!" akapiga kelele. "Wote!"

Jumatatu Jerotich akapewa kazi ya kwanza: tangazo la kutafuta mlinzi. Kosgei alitaka mwenye digrii, Kifaransa na kipaji cha kinanda. Jerotich akachora herufi kubwa nyekundu: ANATAKIWA MLINZI. ASILALE.

"Na digrii je?" Kosgei akauliza.

"Boss, mwenye digrii ni mimi, na ulikuwa umeniacha ukachukua mbavu."