Maji ya Sabuni Yaliyokwenda Salamabila

Mashine mbili za kufulia za Mama Apolline zilifika Kasongo juu ya lori la chumvi, na kwa sababu hiyo wiki nzima ya kwanza nguo zilitoka na chumvi kidogo kwenye kola. Moja inafunguka juu, kama sufuria. Nyingine inafunguka mbele, ina mlango wa kioo cha duara, na unaziona nguo zikizunguka. Mama Apolline alizipanga chini ya bati nyuma ya nyumba yake, akapandisha paneli za jua juu ya paa, akamchukua Dieudonnée kwa kazi, kwa kuwa Dieudonnée alikuwa anasoma darasa la jioni na kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa.

Kazi ya kwanza haikuwa kufua, ilikuwa kulinganisha. Mfanyabiashara aliyeleta mashine aliacha mfuko wa sabuni ya unga na bidoni ya sabuni ya maji yenye harufu ya maua. Alisema atarudi baada ya miezi sita kuuliza ni ipi aendelee kuleta, maana njia ilikuwa mbaya na hakutaka kubeba zote mbili bure.

Dieudonnée alinunua daftari. Alifua akiwa na mtoto wake Naomie mgongoni, na mambo ya kwanza aliyoandika yalikuwa ya kawaida. Sabuni ya unga ilielewana na mashine ya juu, yenye maji mengi. Ilitoa matope, ilirudisha weupe wa mashuka, lakini katika maji baridi iliacha vipande vyeupe kwenye mishono, hadi alipojifunza kuikoroga kwanza katika maji ya vuguvugu kama anavyokoroga uji wa mtoto. Sabuni ya maji ilielewana na mashine ya mbele, yenye maji machache. Ilitoa mafuta ya mawese na mafuta ya moto, yale ya pikipiki. Vifuniko viwili, si zaidi. Siku aliyoweka vinne povu lilijaza kioo chote na mashine ikasimama hadi saa sita. Aliandika pia kwamba mashine ya mbele ikifika kwenye kukamua, Naomie analala.

Jambo lingine aliliandika ukurasa wa tano. Maji machafu ya sabuni ya unga yalitoka, yakaingia mtaroni, yakazama. Maji machafu ya sabuni ya maji yalirudi kule uchafu ulikotoka.

Mashuka ya nyumba ya wageni ya paroko yalipofuliwa kwa sabuni ya maji, maji yalivuka barabara, yakapanda ngazi nne, yakakaa barazani. Maji ya koti la muuguzi yalikwenda kwenye zamu yake. Maji ya suruali ya mwalimu mmoja wa Kabambare yalichukua siku tatu njiani, yakafika shuleni asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini. Nguo za Naomie hazikusumbua mtu, maji yake yalizunguka mguu wa Dieudonnée, yakatulia.

Mama Apolline alisoma ukurasa huo akiwa amesimama.

"Na nguo? Inatoka safi?"

"Inatoka safi, mama."

"Basi. Hayo maji iko na kwao. Uyaache yaende."

Watu wa mtaa waliweka mawe mawili ya kuvukia mbele ya lango, na habari ikaishia hapo.

Wateja wazuri walikuwa watu wa moto, waendesha pikipiki, na wanunuzi wa dhahabu waliotoka Salamabila. Makoti yao yalikuwa mazito kwa matope mekundu ya mashimoni, na juu ya matope kulikuwa na mafuta ya moto, kwa hiyo Dieudonnée aliyafua kwa sabuni ya maji. Karibu kila siku mkondo mwekundu wenye povu ulitoka langoni ukaelekea mashariki, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo.

Huko Salamabila ndiko alikokuwa Magloire, mume wake, akichimba dhahabu. Aliondoka mimba ikiwa ya miezi minne, sasa Naomie alikuwa na miezi tisa na hajamwona baba yake. Mwanzoni Magloire alipiga simu kila Jumapili. Kisha simu zilikatika, na tangu hapo ilikuwa imepita miezi mitano. Dieudonnée hakulia mbele ya watu. Alifua.

Nyumbani, juu ya kitanda cha mama mkwe wake Mathilde, kulikuwa na shati la Magloire kwenye msumari, lile alilolivua asubuhi ya kuondoka. Halikufuliwa. Katika ukoo wao nguo ya mwenye safari haifuliwi na wa nyumbani mpaka mwenyewe arudi, kwa sababu uchafu wake ndio unaoshika njia. Mathilde alilikagua shati hilo kila asubuhi kabla ya kufagia. Siku moja Dieudonnée alilishusha ili apigilie msumari vizuri, na mama mkwe hakusema naye hadi kesho yake.

Jumanne moja, mwishoni mwa mwezi wa nane, saa nne ya asubuhi, Iliasi aliegesha pikipiki yake langoni. Iliasi alikuwa rafiki wa Magloire tangu utoto na hubeba watu kati ya Kasongo na Salamabila. Hakuleta koti. Alileta chupa ndogo, akaifungua chini ya pua ya Dieudonnée.

"Shemeji, hii si sabuni yako?"

Ndani mlikuwa na maji mekundu yenye povu. Yalinukia maua.

"Ni yangu. Umeitoa wapi?"

"Kwa shimo ya bwana yako. Juzi nilifuata maji yako na moto, toka hapa mpaka kule. Kwa mulima iko inapanda mbele yangu, haichoki. Mimi nilichoka."

"Magloire iko muzima?"

"Iko muzima. Amekonda kama muti wa barieri, lakini anacheka. Wako wanaume kumi na moja. Ni miezi mitano sasa wanatoa maji na ndoo, na kila asubuhi shimo imejaa tena. Wananukia vizuri sana. Wachimbaji wengine wanawaita mabibi harusi."

Dieudonnée alikaa juu ya beseni lililogeuzwa. Iliasi alimweleza yaliyobaki. Bwana wa shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG kama wanavyomwita kila mwenye shimo, alisema hakuna atakayeondoka kabla shimo halijakauka. Alichukua karte zao za uchaguzi, ambazo ndizo vitambulisho vyao, na simu zao, akazitia ndani ya mfuko na kuufunga kwa kamba, ili zisilowe, alisema. Bila karte mtu hapiti barieri hata moja ya walinzi wa barabarani. Neno lake lilijulikana pande zote: likikauka, kila mtu anachukua karte yake.

Dieudonnée alifungua daftari. Koti la kwanza la Salamabila alilifua Jumatatu moja, na simu ya mwisho ya Magloire iliingia Jumapili iliyotangulia. Alikuwa amelinda shati moja lisiguswe, na kila siku amekuwa akimfulia mumewe kifungo.

"Unakasirikia mashine?" Iliasi aliuliza.

"Mashine haina kosa. Sabuni nilichagua mimi."

Alisimamisha mashine ya mbele, akatoa makoti mawili yaliyokuwa ndani, akayahamishia kwenye ile ya juu na kukoroga sabuni ya unga. Tangu saa ile hakuna tone jingine lililokwenda Salamabila. Lakini maji yaliyokwisha kufika yalikuwa huko, marefu kuliko watu wawili waliosimama mmoja begani mwa mwingine, na mvua za mwezi wa tisa zilikuwa karibu.

Alifunga kazi mapema, akaenda nyumbani, akamwambia mama mkwe wake yote. Mathilde alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alisikiliza bila kuacha mchi.

"Sasa unataka nini, Mama Naomie?"

"Nataka lile shati."

Mchi ukasimama.

"Tukilifua hapa, tutamushika na nini?"

"Haliwezi kufuliwa hapa, mama. Linaenda naye Iliasi, na sabuni ya maji. Magloire atalifulia ndani ya shimo. Uchafu wake ni wa hapa, maji yatakuja hapa."

Mathilde aliingia ndani, akarudi na shati. Alilinusa kwapani, kwenye kola, kwenye mikono. Moshi wa jiko lake ulikuwa humo, utomvu wa ndizi, doa la mawese la Pasaka ya mwaka uliopita, vumbi la uwanja ule ule aliokuwa amekalia. Alifikiri kwa muda wa kuchambua fungu zima la sombe.

"Kukatazwa ni sisi," alisema mwishowe. "Yeye mwenyewe hajakatazwa."

Kisha aliona uchafu hautoshi kwa safari ya namna hiyo. Alipitisha kiganja chini ya sufuria, akapaka masizi mgongoni mwa shati. Alimchukua Naomie, ambaye mkono wake ulikuwa na uji hadi kwenye kiwiko, akaubandika mkono huo kwenye kola, akaukandamiza.

"Hapo. Na huyu pia amushike."

Iliasi aliondoka Jumatano na shati ndani ya plastiki na chupa ya sabuni. Dieudonnée alikimbia nyuma ya pikipiki hadi kwenye mawe ya kuvukia.

"Vifuniko viwili! Si zaidi! Povu ikizidi itazuia!"

"Shemeji, umesema mara sita!"

Magloire alifua Ijumaa asubuhi, akisimama kwenye ngazi, maji yakimfika kifuani, wenzake kumi wakiwa ngazi za juu na ndoo zao. Alisugua kola mwisho. Aliposuuza mara ya pili maji yalianza kupanda ukutani mwa shimo, bila haraka, yakapita miguuni mwa PDG na kushika njia. Ilipofika saa tisa shimo lilikuwa kavu na vyura watatu walikuwa chini wakitafuta pa kwenda. PDG alishuka mwenyewe, akagusa udongo kwa kidole, akaupima. Alifungua mfuko, akamrudishia kila mtu karte yake. Alikuwa mtu wa kushika neno lake. Hakuna aliyemwuliza habari ya miezi mitano, naye hakuitaja.

Wanaume wakayafuata maji. Yalivuka mito bila kuchanganyika nayo. Kwenye barieri mojawapo mlinzi aliyadai maji karatasi ya njia, na yalipoendelea kupita chini ya mti uliokinga njia aliandika katika kitabu chake: maji, mengi, hayana mizigo. Wawili waliachana na wenzao Wamaza, watano wakashika njia ya Kabambare. Wanne waliobaki walikuwa wa Kasongo.

Maji yalifika Jumatatu, muda mfupi baada ya Mathilde kumaliza kufagia, jambo lililomuudhi. Yalikuwa mekundu na yenye harufu ya maua. Yalijaza uwanja hadi kwenye vifundo vya miguu, yakaingia jikoni, yakaizunguka sufuria, kisha yakatoka kumtafuta Naomie, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Naomie aliyapiga kwa kiganja. Maji yakatulia papo hapo, na polepole ardhi ikayanywa. Dieudonnée, aliyekuwa ameitwa kutoka kazini, alisimama mlangoni na kanga mdomoni.

Magloire aliingia saa nane mchana, shati likiwa mwilini, safi kabisa. Alimpa mama yake mikono yote miwili. Alimtazama Dieudonnée, na Dieudonnée akakaa chini matopeni, akicheka.

"Umekuwa kama fimbo," alisema.

"Lakini nanukia." Magloire akaelekeza kidevu kwenye mkeka. "Na huyu ni nani?"

"Ndiye alikuchafulia kola."

Magloire alichutama. Naomie alimkagua, akaishika ile kola kwa mkono wenye uji, na shati likachafuka tena. Mathilde alisema liachwe hivyo hivyo.

Siku hizi Magloire anachota maji ya mashine ya juu, ambayo inakunywa kupita kiasi. Mfanyabiashara alirudi kama alivyoahidi, na Dieudonnée akamsomea daftari: ya unga kwa mashine ya juu, kwa matope na vyeupe, na kwa kila nguo ya Salamabila bila kubagua, ya maji kwa mashine ya mbele, kwa mafuta na kwa nguo za karibu. Mfanyabiashara aliuliza kama basi alete ya maji kidogo tu.

"Ulete nyingi," Mama Apolline alisema. "Na chupa ndogo, zile za mufukoni."

Maana kabla wale wanne hawajafika nyumbani, PDG alikuwa amefungua shimo jingine kando ya kijito, na hilo linajaa lenyewe bila msaada wa mtu. Karte nyingine ziko ndani ya mfuko ule ule, zisilowe. Wanaume bado wanakwenda. Wanapita kwanza kwa Mama Apolline, wanachukua chupa, wanavua shati.

Mashati hayo yanakaa kwenye misumari ya ukuta wa nyuma, pale nguo zisizofuliwa zinapowekwa, mpaka Iliasi ampelekee mwenyewe aliyeshikwa na shimo. Asubuhi hii Rachelle, jirani, alileta la kijana wake Héritier, aliyekuwa anangoja nje juu ya pikipiki ya Iliasi na majina ya mtaa wote mdomoni, akiaga. Dieudonnée alilinusa kwapani na kwenye kola.

"Mama Héritier, hii iko safi sana. Haitamufikisha hata Wamaza."

Rachelle alikwenda jikoni kwake, akarudi na kijiko cha mawese. Wakapaka pamoja, kwenye kola na mifukoni, wakapiga msumari wa kumi na mbili. Kisha Dieudonnée akaweka mashuka ya paroko katika mashine ya mbele, vifuniko viwili, si zaidi, na ilipofika kwenye kukamua, Naomie akalala.